Mafuta ya Kitunguu, Si ya Karai: Kisa cha Nyumba Moja ya Langoni, Lamu

Mama mwenye kisa hiki ana miaka 52, na anakaa Langoni, mjini Lamu. Daktari alimwambia sukari yake imepanda kidogo kupita kiwango, presha nayo haikai, na kwamba akipunguza uzito vyote viwili vitatulia. Binti yake aliyeolewa Mombasa akamtilia programu ya kuhesabu chakula kwenye simu, akamfundisha kuitumia. Kwa miezi miwili mama aliandika kila alichokula. Programu ikamwonyesha wastani wa kalori 1,450 kwa siku. Mizani ikamwonyesha kilo 84 mwanzo wa miezi hiyo, na kilo 84 mwisho wake.

Alipokuja kwangu kwa ushauri wa lishe hakuja kuuliza habari za mafuta. Alikuja kujitetea. Nyumbani walishaanza kumtania kwamba anakula usiku watu wakilala, na utani wa aina hiyo ukirudiwa huwa shutuma. Aliniambia, "Wallahi mwanangu, sili kisiri. Tazama mwenyewe, yote nimeyaandika." Nilimwamini, na ninaeleza kisa hiki, kwa idhini yake na bila ya kumtambulisha, kwa sababu wako wengi walioandika kwa uaminifu kama yeye kisha wakaonekana waongo.

Hesabu ya kwanza ilikuwa nyepesi. Mwanamke wa umri huo, mwenye urefu wa sentimita 158 na kilo 84, anayefanya kazi za nyumbani na kwenda sokoni kwa miguu, mwili wake hutumia takriban kalori 1,950 kwa siku. (Kalori ninazozitaja humu ni zile zinazoandikwa kwenye pakiti, yaani kilokalori.) Ni kadirio, na mtu na mtu hutofautiana, lakini uzito usiopanda wala kushuka kwa miezi miwili maana yake ni kwamba kinachoingia kinalingana na kinachotumika. Kwa hivyo palikuwa na kalori kama 500 za kila siku zilizoliwa na hazikuandikwa. Mwili wake haukuwa na kasoro yoyote.

Nikayasoma maandishi yake siku baada ya siku. Mchana: wali kikombe kimoja na nusu, tafi kipande kimoja, nyanya, kitunguu, mchicha. Asubuhi: mahamri matatu, ambayo programu haikuyajua, akachagua "mkate". Vitu vyote vilivyotoka sokoni vilikuwemo. Kilichokosekana ni kile kilichoviivisha. Mafuta hayakuonekana hata siku moja, ila siku alipokula viazi vya karai nje. Tui nalo halikuwemo, kana kwamba wali wa nazi na wali wa maji ni kitu kimoja. Nilipomuuliza akanijibu, "Mafuta? Si natia kidogo tu."

Hilo "kidogo" ndilo lililokuwa na mambo. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9. Gramu moja ya wanga au protini ina 4. Kijiko cha chakula cha mililita 15 hubeba kama gramu 14 za mafuta, nazo ni kalori zaidi ya 120. Lita nzima ina uzito wa gramu 920 hivi na kalori zaidi ya 8,200, chakula cha siku nne cha mama huyu. Wala aina ya mafuta haibadilishi hesabu hii. Ya alizeti, ya mawese, ya nazi, ya zeituni, yote kwa gramu moja yako karibu na 9. Yanatofautiana kwa jinsi yanavyogusa moyo na mishipa, na kwa mwenye presha hilo ni jambo zito, lakini ni swali jingine. Maneno "haina kolesteroli" kwenye chupa hayasemi lolote juu ya kalori, na kusema kweli hayasemi hata juu ya chupa hiyo, kwani mafuta ya mimea yote hayana kolesteroli ya kuhesabika.

Ushauri unaotolewa mara nyingi ni kupima kwa kijiko kila unapotia, kisha kugawa kwa idadi ya sahani. Katika nyumba hii ushauri huo ulikwama mara mbili. Kwanza, mpishi si yeye peke yake. Mama mkwe wake, bibi wa miaka zaidi ya 70, ndiye mwenye jiko kwa heshima na kwa mkono. Yeye hufunga pilau na kusimamia mchuzi. Pili, hawali kwa sahani. Wanaume wana sinia lao, wanawake na watoto wana lao, na bakuli la mchuzi liko katikati. Hakuna awezaye kusema amekula gramu ngapi za wali kutoka kwenye sinia lenye mikono minne. Programu zile zimetengenezwa kwa mtu anayekula na sahani yake mbele yake. Kumwambia mama ajipakulie pembeni ili apime ni kumwondoa kwenye sinia la wajukuu wa bibi, na sikuona kwamba kalori zina thamani ya kiasi hicho.

Kwa hivyo tulianza na jiko lenyewe, kwa ruhusa ya bibi. Nilipomweleza nia yangu akacheka, akasema, "Mwanangu, mafuta hayapimwi kwa mizani, hupimwa kwa jicho." Nikamjibu kwamba ndilo jicho lake hasa nililotaka kulijua, atie kama alivyozoea, mimi nitapima alichotia. Aliridhia, kwa sharti kwamba nisimwambie apunguze kitu siku hiyo. Sharti zuri. Anayepima huku akikemea hupimiwa mapishi ya siku ya wageni, si ya kila siku.

Upawa wake tuliujaza maji tukayapima: gramu 48, maana yake mililita 48, kwa kuwa mililita ya maji ni gramu moja. Mafuta ni mepesi kuliko maji, kwa hivyo upawa huo huo ukijaa mafuta hubeba kama gramu 44, na hizo ni karibu kalori 400. Wanaopima kwa ujazo na kusoma kalori kwa uzito hujikosesha hapa, maana chupa nyingine huandika kwa mililita 100 na nyingine kwa gramu 100, na mbili hizo si sawa.

Siku hiyo palipikwa mchuzi wa samaki. Bibi alimimina kutoka kwenye chupa moja kwa moja, bila upawa, kama mpishi yeyote mzoefu. Tulipima chupa kabla na baada: gramu 130 zilitoka. Vitunguu vikakaangwa mpaka vikageuka rangi, ikafuata nyanya, bizari, thomu, kisha samaki na maji. Sufuria ilipoepuliwa tuliipima, tukatoa uzito wa sufuria tupu tulioupima asubuhi, tukabaki na mchuzi wa gramu 2,600. Ndani yake mna kalori 1,170 za mafuta peke yake. Mwenye kupakua gramu 310 za mchuzi ule, kama umekorogwa vizuri, anakula gramu 15 na ziada za mafuta, karibu kalori 140, na katika programu mlo huo uliandikwa "samaki na nyanya".

Nasema kama umekorogwa, kwa sababu mafuta huelea. Anayechota kwanza huchota ya juu. Katika nyumba hii bakuli la wanaume ndilo hutangulia, kwa hivyo mama huyu huenda alipata pungufu ya fungu lake kwenye mchuzi. Alilifidia kwenye ukoko. Wali wa nazi ukishapakuliwa, ukoko hubaki chini ya sufuria, na yeye huusugua na kuula akiwa amesimama jikoni. Ukoko umekauka, maji yametoka na tui limebaki, hivyo gramu yake moja ina nguvu kuliko gramu ya wali laini. Haukuwahi kuandikwa hata mara moja. Si kwa hila. Kinacholiwa kwa kusimama hakihesabiwi kuwa chakula.

Kesho yake ikawa zamu ya mahamri, nayo ndiyo familia nzima iliyasubiri, maana wote walishahukumu kwamba mkosaji ni karai. Watu wakiona lita ya mafuta inachemka, huona hatari yote iko pale. Tulipima karai pamoja na mafuta kabla ya kuwasha moto, tukatoa uzito wa karai: mafuta gramu 900. Yakakaangwa mahamri 24. Tuliacha karai likapoa kabisa (karai la moto haliwekwi juu ya mizani, ni hatari na huharibu mizani), tukapima tena: gramu 787. Mahamri 24 yamekunywa gramu 113. Hamri moja gramu 4.7, yaani kalori 42 za mafuta.

Bibi ndiye aliyeliona jambo kabla sijalisema. Mchuzi ulitumia 130 na haukurudisha kitu. Karai lilipewa 900 likarudisha 787. Mafuta ya karai ni mengi kwa macho, lakini mengi yake hurudi kwenye chupa. Mafuta ya kitunguu ni machache kwa macho, na yote huliwa.

Hiyo haina maana kwamba vya kukaanga ni vyepesi. Hamri lina unga, sukari na tui lake pia, na kuliandika "mkate" ni kulipunja. Tena kiasi kinachonywewa hubadilika sana: mafuta yasiyopata moto vizuri, unga mwepesi mno, vipande vyembamba vyenye uso mkubwa, vyote huongeza. Na sehemu kubwa ya mafuta huingia baada ya chakula kutolewa karaini, si kikiwa ndani. Kikiwa ndani, mvuke unatoka kwa nguvu na kuyasukuma mafuta nje. Kikitolewa na kuanza kupoa, mvuke uliobaki hurudi kuwa maji, panakuwa na nafasi, na mafuta yaliyoganda usoni yanavutwa ndani. Ndiyo maana kuyasimamisha mahamri kwenye kung'uto au karatasi papo hapo, yakiwa ya moto, kuna faida, na kuyarundika kwenye sinia ndipo uyafute baadaye hakuna.

Kupima sufuria moja moja kuna mafunzo, lakini hakuna anayeweza kuishi hivyo. Tukaamua kipimo cha kazi kiwe chupa, na muda uwe wiki, kutoka Ijumaa asubuhi hadi Ijumaa asubuhi. Mafuta yote ya nyumba humiminwa kutoka kwenye jerikeni kuingia chupa moja, na chupa hupimwa kila inapojazwa na mwisho wa wiki. Samli ya pilau huongezwa humo humo kwenye hesabu. Mafuta ya karai yanayobaki huwekwa kwenye mkebe wake na kupimwa. Yanayomwagwa kwa kuwa meusi hupimwa kabla ya kumwagwa. Wiki ya kwanza ilikuwa hivi: yalitoka gramu 2,060, yakabaki mkebeni 640, yakamwagwa 210. Yaliyoliwa ni gramu 1,210.

Kugawa kwa watu sita sawasawa kungekuwa dhuluma ya hesabu, kwa kuwa mtoto wa darasa la tatu hali kama kijana wa miaka 22. Tulimpa mama fungu moja kamili, mumewe na kijana mkubwa fungu moja na robo kila mmoja, bibi na watoto wawili wa shule robo tatu kila mmoja. Jumla mafungu 5.75. Gramu 1,210 kwa siku saba na mafungu hayo ni gramu 30 kwa fungu kwa siku: kalori 270. Mafungu hayo ni makadirio yetu, na mtu anaweza kuyabishia. Lakini hata ukimpunguzia mama sehemu ya kumi ya fungu lake, bado ni zaidi ya kalori 240 kila siku, na programu ilikuwa ikisema sifuri.

Kati ya gramu 1,210 hizo, 715 zilikuwa za kukaangia vitunguu, mlo baada ya mlo. Mahamri ya mara mbili yalikuwa 226. Zilizobaki ni samaki wa kukaanga na samli.

Tui tulilifanyia hesabu yake. Nyumba hukuna nazi tano kwa wiki. Nazi ikishakamuliwa, mafuta mengine hubaki kwenye chicha, kwa hivyo kuhesabu nazi nzima ni kuzidisha. Tulipima kasimile, yaani tui zito la kwanza, ya kila nazi, ikawa kama gramu 280, na gramu 100 za tui zito la namna hiyo zina kalori kama 230. Kwa fungu la mama ni kalori 80 kwa siku, bila tui la pili ambalo ni jepesi. Mafuta 270 na tui 80 ni 350. Katika zile 500 zilizopotea, pamebaki 150, na nilipoutazama ukoko na vijiko vya sukari kwenye chai yake sikuwa na haja ya kuzitafuta mbali.

Mama alipoziona tarakimu hizi alinyamaza, kisha akasema jambo ambalo kwangu lilizidi uzito wowote uliopungua baadaye: "Basi sikuwa mwongo." Akamwita mumewe akamwonyesha daftari.

Kupunguza kulifanywa na bibi, si na mimi. Hofu yake ilikuwa kwamba mchuzi usioelea mafuta ni mchuzi wa mgonjwa, na ana haki kwa kiasi fulani. Harufu ya bizari hukaa kwenye mafuta kuliko kwenye maji. Ukiondoa mafuta yote umeondoa mapishi. Lakini kitunguu chenyewe ni maji kwa sehemu kubwa, na hakihitaji kuogelea ili kiive. Alijaribu nusu ya mafuta, moto mdogo, chumvi kidogo mapema ili kitunguu kitoe maji yake, sufuria ikafunikwa, na kilipotaka kushika akakinyunyizia maji badala ya mafuta. Kinachukua muda zaidi, na kwa anayepikia makaa muda ni pesa, hilo lisifichwe. Chakula kilipoandaliwa hakuna aliyeuliza kitu siniani. Siku mbili za wiki samaki wa kukaanga akageuzwa wa kupaka, akabanikwa makaani, chakula ambacho nyumba hii ilikipenda tangu hapo. Mahamri na samli ya Ijumaa havikuguswa. Bibi alivitetea, nami nikaona anavitetea kwa haki, kwa sababu hesabu ilikuwa imeshaonyesha kwamba si huko kwenye uzito.

Mafuta ya wiki yakashuka hadi gramu 720, yaani kalori kama 160 kwa fungu la mama badala ya 270. Pengo la 110 peke yake ni dogo. Kwa kadirio la kawaida la kalori 7,700 kwa kilo moja ya mafuta ya mwili, halifikishi nusu kilo kwa mwezi. Kilichofanya kazi ni kwamba sasa daftari lake lilikuwa la kweli, na mtu mwenye daftari la kweli anaweza kuchagua. Alichagua kuacha ukoko na kubakisha mahamri, mawili badala ya matatu, na sukari ya chai akaipunguza taratibu. Baada ya wiki kumi alikuwa na kilo 81.7. Kwenye programu haandiki tena majina ya vyakula vilivyopikwa na watu wa nchi nyingine. Huandika wali, samaki, mboga, kisha mwisho wa siku huongeza mstari mmoja wa mafuta na tui kwa tarakimu ya wiki iliyopita.

Kuna mambo mawili nisingependa mtu ayachukue vibaya kutoka nyumba hii. Watoto wa shule hawakuwa sehemu ya mpango wa kupunguza. Mtoto anayekua anahitaji nishati, na vitamini A, D, E na K hufyonzwa pamoja na mafuta; mchicha uliochemshwa tu humpotezea. Mafungu yao yaliposhuka pamoja na sufuria, tuliwaongezea kwa njia nyingine: mbaazi za nazi, korosho, yai. Na mama alipimwa sukari na daktari wake mara kwa mara wakati huo wote. Yeye hakuwa anatumia dawa, lakini mwenye kutumia insulini au vidonge vinavyosukuma kongosho kutoa insulini, akipunguza chakula bila kumwambia daktari anaweza kushukiwa na sukari ghafla, na hiyo ni hatari ya saa hiyo hiyo. Aliyewahi kuteswa na fikra za chakula hadi kukosa raha naye simshauri mizani jikoni kabisa.

Lililobaki bila ufumbuzi ni shughuli. Msimu wa harusi Lamu, mama huyu hula nje ya nyumba yake siku tatu au nne kwa wiki, pilau na biriani za masufuria makubwa ambazo mpishi wake hatapima chupa kwa ajili ya mgeni mmoja. Tumekubaliana siku hizo aandike tarakimu ya nyumbani mara mbili, kisha tuone mizani inasemaje mwisho wa msimu. Ikiwa uzito utasimama, tutajua mara mbili haitoshi.